Bukari ya Mahindi Matupu

Mume wangu Casimir alipewa ulimi wa kuonja na mkono wa kuandika. Akili ya kuvitawala hivyo viwili Mungu alimpimia kwa kijiko. Kwa miaka mingi aliandika safu ya chakula katika gazeti la mkoa wetu, na Likasi nzima ilijua kinachopikwa kwangu, huku mtaa wa Panda. Sombe yangu ya majani ya muhogo, samaki wangu mkavu, na zaidi ya vyote bukari yangu, ugali wetu: unga wa mahindi uliochanganywa na wa muhogo, jinsi mama yangu Mwadi alivyonifundisha, jinsi wanavyopika kwao, mkoa wa mbali wa Kasai. Nilijivuna. Sokoni waliniita Mama Gazeti.

Kisha watu wenye asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa. Mimi nimezaliwa hapa hapa, Kasai naijua kwa jina tu, lakini hakuna aliyehitaji kuniuliza asili yangu. Mume wangu alikwisha kuitangaza, sufuria kwa sufuria. Ulimi huponza kichwa. Wake uliponza changu.

Mama alitolewa nyumbani kwake, akaenda kukaa stesheni pamoja na wengine wengi, chini ya maturubai, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Nilikuwa nampelekea chakula alfajiri, kitenge kimenifunika uso. Nilimwahidi kwamba siku ya kuondoka nitakuwepo nimuage. Alikuwa mzee, sote wawili tulijua hatutaonana tena.

Casimir akiogopa, huandika. Juma lile aliandika kwamba miaka yote hiyo alikuwa akitia chumvi tu: mke wake ni mtoto wa Kambove hapa jirani, si wa Kasai, hupika bukari ya mahindi matupu, na muhogo haujapata kuingia jikoni mwake.

"Nimekuokoa," akasema, akinionyesha gazeti.

"Mama yangu iko ku gare, na weye unaandika minye sina mama?"

"Usiende tena kule, Angèle. Bakikuona, batajua niliongopa. Batatuua bote."

Alikuwa amesema kweli, na nilimchukia kwa hilo.

Jumapili, baada ya misa, vijana wakaja na mapanga. Aliyewaongoza ni Hénoc, mtoto wa jirani, niliyemlisha tangu hajaota meno.

"Mama, tumesoma gazeti. Tunakuya kuonja."

Nikapika mbele yao, mahindi matupu, wakiitazama mikono yangu. Bukari hiyo niliijua, nani Likasi asiyeijua? Wakamega, wakatafuna. Hénoc akamuuliza Casimir kama hiyo ndiyo anayokula siku zote. Casimir akaisifu, jasho likimtoka, kwa maneno yaleyale aliyozoea kuisifia ile ya mama yangu.

"Njo hii kabisa," Hénoc akasema, akilamba vidole. "Mama ni wa kwetu. Tutakuwa tunakuya kila dimanche."

Na kweli wakaja, kila Jumapili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hawa nani angewapa? Siku za katikati mmoja wao alishinda kwenye lango letu, ati anatulinda. Stesheni sikukanyaga tena. Berthe, muuza mkaa, alimpelekea mama chakula kwa niaba yangu, akarudi na swali moja tu: mama anauliza kama ninaumwa. Nililia mpaka Casimir akatoka nje.

Jumapili moja, vijana wakiwa mezani na mimi ninasonga, treni ikapiga honi upande wa stesheni, ndefu, ile ya kuondoka. Mkono wangu ukasimama juu ya mwiko. Casimir aliniangalia, kisha akainamia sahani yake.

Hénoc alikuwa akinitazama mikono.

"Ile train ni ya bale ba-Kasai, Mama. Bende!" Akacheka. "Weye haufurahi?"

Wote wakanigeukia. Nikacheka. Nikacheka kwa sauti, nikamalizia kusonga, nikampakulia yeye kwanza.