Msumari wa Mwisho

Babu yetu mzaa mama, fundi viatu, alifika kwetu kwa meli akiwa kijana. Kuhusu kwao alituachia jina la mji tu, basi. Wambea wakajaza yaliyobaki: eti ndugu zake walimfukuza kwa wizi. Walimsema hivyo mpaka kaburini, na mama amezeeka neno hilo likiwa limemkaa kooni.

"Nataka kujua tu," aliniambia. "Walimfukuza au hawakumfukuza?"

Nikavuka bahari. Kaka yangu alisema natwanga maji. Nikamwambia basi aniazime kinu.

Katika mji ule, watu wa ofisi ya kumbukumbu walinizungusha mpaka nikazichukia ngazi zao. Hasira zikanipanda, nikaachana nao. Mimi pia ni fundi viatu, nimefundishwa na babu, na kuna jambo nililijua ambalo halimo kwenye faili lolote. Babu hakuwahi kufunga karakana bila kuacha kiatu kimoja mezani, msumari wa mwisho wa soli umesimama nusu. "Huo ndio utakaoniita kesho," alikuwa akisema. Sijaona fundi mwingine mwenye vituko hivyo.

Basi kila jioni, mafundi wakifunga, nikawa napita karakana moja baada ya nyingine nikichungulia meza za watu. Wengine walinifukuza. Waliowahi kufunga niliwarudia kesho yake.

Nyuma ya soko nikamkuta mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, anakung'uta aproni. Mezani kwake palikuwa na kiatu cha kike, na msumari mmoja umesimama nusu. 

"Shikamoo mzee. Mbona huo hujaupigilia?" nilimuuliza kwa lugha ya babu, niliyoijua kwa kuungaunga.

"Marahaba. Huo wa kesho. Ndivyo tunavyofanya kwetu."

"Hata kwetu."

Akavua miwani. "Wewe umefundishwa na nani?"

Nilipomtajia babu mzaa mama, akatafuta kigoda akakaa. "Huyo ni mdogo wake baba yangu," alisema taratibu. "Kwa hiyo mimi ni mjomba wako."

Sikuweza kungoja. "Mjomba, mlimfukuza?"

Alinyanyuka, akashusha kutoka rafu ya juu kiatu cha kiume, cha zamani, ngozi imekauka kama gome. Hakikuwa na vumbi hata kidogo. Kwenye soli, msumari mmoja ulikuwa umesimama nusu.

"Alikiacha hivi jioni ya kuondoka kwake. Baba alikataza mtu yeyote asiuguse. 'Mwenyewe anarudi,' alisema hivyo mpaka anakata roho. Mimi nakifuta kila asubuhi nikifungua."

Nililia, sifichi. Mjomba akanipa nyundo.

"Piga, mpwa wangu. Si umeshakuja wewe?"

Niliinua nyundo, kisha nikairudisha mezani.

"Mtoto wake yupo hai," nilisema. "Miguu inamsumbua, lakini atakuja, hata kama ni kumbeba mgongoni."

Nikampigia mama simu pale pale.

"Mama, hawakumfukuza. Funga mizigo. Kuna kazi ya baba yako haijaisha."