Kadi Niliyompa Wifi

Niliishi na Mama hapa Reno, mji wa kasino Marekani, nikimuuguza. Alianguka bafuni Alhamisi moja mchana nikiwa kwenye foleni duka la dawa. Niliporudi alikuwa ameshakata roho.

Wiki mbili baada ya mazishi, kaka yangu Dwight alifungua barua yangu kutoka kasino. Ilikuwa na orodha ya siku na saa ambazo kadi yangu ya pointi, ile mchezaji anayoichomeka kwenye mashine ya kamari, ilitumika.

"Verna, Alhamisi ile, saa nane mpaka kumi na moja, kadi yako ilikuwa kwenye mashine. Duka la dawa, eh? Mimi mtoto mdogo?"

Nyuma yake alisimama mkewe, Corinne, akitazama viatu vyake. Kadi ilikuwa kwake tangu Januari. Dwight alikuwa ameapa kumpa talaka akigusa kamari tena, kwa hiyo Corinne alicheza kwa jina langu, nami nikafurahia milo ya bure niliyopewa kwa pointi zake.

"Wifi," nilimwita.

"Abee," alijibu.

"Basi. Hamna kitu."

Dwight aliondoka bila kuniaga.

Kesho yake Corinne alikuja kunirudishia kadi. "Asante, wifi yangu. Umeniokoa."

"Sijakuokoa," nilimwambia. "Nilichoka tu kusema."

Alipoondoka niliendelea kukunja nguo za Mama za kugawa. Sasa ni miezi mitano Dwight hajanipigia simu. Bado sijalia.