Boti ya Mtu Mmoja

Boti mbili zililetwa Tabora kwa gari la moshi, na Tabora haina maji ya kuelea hata bata. Moja ilitoka Mwanza, nyingine Kigoma, zikakutana hapa kwa kuwa hapa ndipo reli zinapokutana. Mgiriki mmoja aitwaye Kostandi, aliyekuwa akinunua na kuuza chochote ambacho Wazungu wamekichoka, aliziegesha juu ya mabehewa ya wazi kwenye reli ya pembeni, nyuma ya maghala. Watoto walikuja kuzitazama. Watu wazima nao walikuja, wakijifanya wanapita njia tu.

Leonia hakujifanya. Alitoka mtaa wa Cheyo asubuhi, sufuria kichwani na mkeka kwapani, akaenda moja kwa moja mpaka relini, maana alikuwa na neno lake.

Mume wake, Hilari, alikuwa mpishi wa Bwana Penrosi kwa muda wote bwana huyo alipokuwa Urambo kwenye mashamba ya karanga. Anayetaka kujua karanga zile zilifanya nini na aende Urambo akatazame miombo ilivyong'olewa na matrekta, na mizinga ya nyuki ya watu ikaanguka pamoja na miti. Baada ya miaka michache wakubwa wakasema basi, karanga zimekataa. Walioangushiwa mizinga hawakuambiwa hata pole. Walioangusha walipewa kiinua mgongo. Bwana Penrosi alichukua chake akasema kwao harudi, kuna baridi. Atanunua motaboti kuukuu, iliyo nzuri ya kukaa na nyepesi kuendesha, aishi juu ya ziwa Tanganyika peke yake, asisikie tena kelele za watu.

Hilari ndiye aliyeileta habari hiyo nyumbani, kifua mbele.

"Peke yake," alisema Leonia. "Na wewe?"

"Mimi nitakuwa naye."

"Basi hayuko peke yake."

"Mama Anselm, wewe unapenda ubishi. Mimi ni mpishi wake."

Alilisema hilo bila hata kupepesa macho, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba kivuli hakihesabiwi. Leonia alimtazama mume wake, mtu mzima mwenye sauti ya kujaza kanisa, akaona jinsi Mzungu alivyofanikiwa kumtoa katika hesabu, naye mwenyewe akakubali kutoka.

"Utalala wapi huko majini?"

"Boti ina vyumba. Bwana amesema nitapewa kofia ya baharia."

"Nimekuuliza kitanda, unanijibu kofia."

"Nitarudi Krismasi, akiniruhusu."

"Hutarudi Krismasi, kwa sababu tutakwenda wote. Kwetu mwanamke hufuatana na mumewe safarini. Kama hakuna mahali pa kutandika mkeka wangu, basi na wewe huendi."

Hilari alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akanuna. Wakalala wamepeana migongo.

Sasa pale relini Hilari alimwona mkewe akija akatamani ardhi ipasuke. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, iliyopigwa pasi na mikono ya mwanamke huyo huyo, na kapu la chai mkononi.

"Umefuata nini hapa?" alinong'ona. "Rudi nyumbani."

"Nimekuja kuchagua boti," alisema Leonia, tena kwa sauti ya sokoni.

Bwana Penrosi alikuwa amekwisha kupanda ile kubwa, iliyotoka Mwanza. Ilikuwa ya daktari mmoja wa misheni aliyefariki, na kweli ilikuwa nyumba. Ilikuwa na vyumba viwili, kitanda cha kutosha mtu mrefu, meza ya kukunja, jiko la mafuta ya taa, na choo chenye mlango wake. Mtu aliweza kusimama ndani bila kuinama. Kostandi alipita akigonga mbao kwa kisu kuonyesha kuwa hazijaoza.

"Ya kukaa, hii hapa," alisema Kostandi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko roho yake. "Lakini sitaki uje kunilaumu baadaye. Ina injini mbili, na usukani uko juu, nje. Nanga iko kule mbele. Mtu mmoja akiwa kwenye usukani, nani atavuta nanga? Ukiuacha usukani, upepo unakupeleka kwenye mawe. Wewe umesema uko peke yako, basi chukua ile ndogo. Injini moja, usukani umo ndani karibu na mlango, hatua mbili umefika kwenye kamba. Ila ndani ni pembamba kama jeneza, na kitanda ni kimoja."

"Mimi nataka hii," alisema Bwana Penrosi. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni, cha kuamrisha. "Mimi kaa peke yangu. Boi tavuta nanga."

Kostandi alitikisa kichwa. "Basi ni watu wawili."

"Hapana wawili. Mimi na boi."

Leonia aliposikia hivyo alishika ngazi akapanda. Hilari alimshika upindo wa kanga, yeye akaunasua. Aliingia chumba cha kwanza, akapita bila kumsalimia mtu, akaingia cha pili, akatandika mkeka wake juu ya kitanda cha mbao, akaweka sufuria pembeni, akakaa.

"Hapa panatosha," alisema. "Mimi na Baba Anselm tutalala hapa."

Bwana Penrosi alimtazama Hilari kana kwamba mbwa wake amezungumza.

"Nani huyu?"

"Mke wangu, bwana. Samahani, bwana. Hana akili vizuri."

"Akili ninazo," alisema Leonia. "Muulize chumba hiki ni cha nani."

Hilari hakuuliza. Bwana Penrosi alijibu mwenyewe, akielekeza kwa kiko. Chumba hicho kilikuwa cha vitabu vyake, bunduki, makopo ya chakula, na rafiki akija kumtembelea. Hakuona haya. Makopo yalikuwa yamekwisha kupewa chumba.

"Na mpishi wako?"

Alielekeza mbele kabisa, kwenye kijimlango kifupi. Leonia akaenda akakifungua. Ndani mlikuwa na kamba, mnyororo wa nanga, na harufu ya panya. Akaingia kwa magoti, akajilaza chali juu ya mnyororo. Miguu yake ilibaki nje kuanzia magotini. Naye alikuwa mfupi kuliko mumewe.

Waliokuwa chini wakipita njia waliona miguu ile, wakaacha kupita.

"Hilari," aliita kutoka ndani, na kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu tangu azae. "Njoo uone kofia yako ya baharia inalala wapi."

"Toa huyu mwanamke," alisema Bwana Penrosi.

"Mama Anselm, toka. Unaniaibisha."

"Nani anayekuaibisha, mimi au mnyororo?"

Alitoka, magoti yamejaa kutu, akasimama katikati ya boti. Sasa alikuwa anasema na mume wake, ingawa wote walisikia.

"Bibi yangu Minza alikwenda pwani na kurudi, mara mbili, na sufuria kichwani. Babu alibeba pembe za ndovu, yeye alibeba chakula cha babu. Safari ya pili, wakiwa Ugogo, babu akashikwa na ndui. Mwenye msafara alifanya nini? Alitoa mzigo begani kwa babu akampa mwingine, na babu mwenyewe akamlaza kando ya njia, msafara ukaenda. Pembe hazikulala njiani hata siku moja. Bibi akabaki naye mpaka akafa, akamchimbia kaburi kwa jembe la kuazima. Ana kaburi kwa sababu mke wake alikuwepo. Wenzake wote waliolazwa kando ya njia ile wako wapi? Na Wazungu waliopita hapa wakibebewa mpaka beseni la kuogea, walifika kwao wakaandika kwamba walivuka Afrika peke yao. Sasa na wewe unataka kwenda kuwa si mtu, majini, ambako hata kando ya njia hakuna."

Hilari alitazama chini.

"Hizo ni za zamani," alisema.

"Za zamani mnyororo huu? Una kutu mbichi."

Kostandi alicheka kwa pua. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma Bwana Penrosi kuliko maneno yote. Akasema vyema, hataki hii tena, hataki mtu, hataki mke wa mtu. Atachukua ndogo, na ataiendesha mwenyewe.

"Aonyeshe," alisema Leonia. "Na wewe, Baba Anselm, kaa chini. Ukimshikia hata kamba, usije nyumbani kwangu." Nyumba ya Cheyo ilikuwa ya marehemu baba yake, na Hilari alilijua hilo.

Hilari akakaa juu ya taruma la reli. Sijui kama alikaa kwa ajili ya mkewe au kwa ajili ya nyumba. Lakini alikaa.

Tusimnyime mtu haki yake hata kama ni adui. Mzungu yule alionyesha. Alipanda boti ndogo, akaingia ndani akiwa ameinama, akazungusha hendeli ya injini mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikamrudi na kumchuna vidole, mara ya tatu ikashika, na moshi ukawafukuza watoto. Akatoka, akaenda mbele, akavuta nanga iliyokuwa imening'inia kando ya behewa, mkono kwa mkono, shingo imekuwa nyekundu kama jogoo, mpaka ikafika. Akarudi kwenye usukani, akaugeuza huku na huku juu ya nchi kavu. Akazima injini. Ilikuwa kweli. Mtu mmoja aliweza.

Leonia aliona, na hakukana. "Haya," alisema. "Kumbe siku zote mikono anayo."

Bwana Penrosi alikaa kwenye ukingo wa boti akihema, akafunga vidole vyake kwa leso. Alikuwa ameshinda. Akamtazama Hilari pale kwenye taruma.

"Umeona? Mimi hapana mtoto. Boi, chai."

Na Hilari akasimama.

Hakufikiri. Miaka ile yote neno lile lilikuwa likimsimamisha kama kengele inavyomsimamisha mtoto wa shule. Akafungua kapu, akamimina, akatia sukari, akakoroga. Leonia alikuwa ameshuka sasa, amesimama kando ya behewa, mkeka wake umerudi kwapani. Aliuona mkono wa mumewe ukikoroga akajua hapo hakuna neno lake litakalosaidia.

Hilari alipanda na kikombe. Mlangoni alisimama, akatazama ndani. Hakuna aliyemwuliza, hakuna aliyemtuma.

"Bwana," alisema, "katika hii, mimi ningelala wapi?"

Bwana Penrosi alikuwa na kiu. Alielekeza nyuma kwa kidole kilichofungwa leso, kwenye ubao uliopita juu ya injini.

"Hapo. Joto nzuri."

Hilari aliinama akaweka kiganja juu ya ubao. Kikatoka cheusi. Akakitazama kwa muda. Halafu akakifuta kwenye kanzu yake, kifuani, taratibu, kutoka begani mpaka tumboni, kanzu ambayo kwa miaka yote alikuwa akimgombeza mkewe ikiwa na doa la chai. Akaweka kikombe juu ya sitaha, mbali na mkono wa bwana, akashuka.

"Boi," alisema Bwana Penrosi. Kisha akasema tena. Mwishowe akaondoka mwenyewe alipokaa, akaenda kukichukua.

Boti ndogo iliondoka na gari la Kigoma, na mwenyewe akaondoka nayo.

Ninyi mnaodhani baada ya hapo Hilari alimshukuru mkewe, hamjapata kukaa na mwanaume aliyepoteza kazi. Alikaa Cheyo akinuna masika mazima. Alilima mihogo kama mtu anayeipiga. Wageni wakija alisema, "Mwulizeni mama huyu, yeye ndiye aliyenifukuzisha kazi," na Leonia kutoka uani alijibu, "Nilimtoa juu ya injini, na bado ana moshi." Lakini walikula sahani moja, na usiku alilala kitandani, miguu yake yote ndani ya nyumba.

Siku moja alipita gadi wa gari la moshi, Justus, jamaa yao, amevaa sare na ana njaa. Wakamkaribisha ugali. Akala, akanawa, ndipo akatoa habari za Kigoma.

"Yule Mzungu wenu yupo. Boti ameifunga Ujiji. Ananenepa."

"Anapika mwenyewe?" aliuliza Leonia.

"Apike nini. Amepata mtu. Mmanyema mmoja, mwembamba."

Hilari aliweka tonge chini. Wivu ulimpita usoni, na baada ya wivu kitu kingine ambacho hakikuwa na raha.

"Analala wapi?" aliuliza.

"Nitajuaje? Nilimwona asubuhi moja akitoka kwenye injini, mweusi tii kwa mafuta."

Leonia alikusanya sahani, akazishika bila kuondoka.

"Anaitwa nani?"

"Dada, anaitwa boi. Sikuuliza."

"Ukirudi, umwulize. Jina lake, la baba yake, na kama ana mke. Halafu niletee."

"Ya nini?" alisema Hilari. "Unataka umfukuzishe kazi na yeye?"

"Ndiyo," alisema Leonia.