Dhahabu ya Gülizar Mlangoni pa Dolmabahçe

Wewe mama uliyeozesha binti mbali, usiridhike na simu. Simu itakwambia kila kitu kiko sawa. Mimi niliridhika nayo miezi mizima. Kila Jumapili binti yangu Gülizar aliniambia hawajambo wote, na nyuma ya sauti yake nilisikia bomba la maji likimwaga, nikadhani anasuuza vikombe vya chai. Sikujiuliza kwa nini, saa yoyote ninayopiga, bomba liko wazi.

Sisi ni watu wa Edremit, watu wa zeituni. Gülizar aliolewa Istanbul na Tufan, mtoto wa mjane mmoja aitwaye Nezahat. Siku ya harusi watu walijipanga kumvalisha bi harusi dhahabu, na mtangazaji akataja kwa kipaza sauti nani kaleta nini. Mimi nilimvalisha bangili tano. Nne mpya, na moja ya marehemu mama yangu, iliyosokotwa kama kamba, ina kibonyeo pale ilipobanwa na jiwe la kusagia zeituni. Dhahabu hiyo ni ya mwanamke. Mume akifa, mume akimfukuza, mume akifilisika, mwanamke ana cha kushika. Hakuna kwetu asiyelijua hilo. Nezahat alipiga makofi kuliko wote, na marafiki zake wa Istanbul, Bi Mualla na Bi Perihan, walinyoosha shingo wazione vizuri.

Mwezi wa Novemba nikapanda basi kwenda kumwona, na debe la mafuta mapajani. Gülizar alinifungulia mlango, nikataka kumuuliza, mwanangu yuko wapi. Amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Vidole vimepasuka kwa dawa ya kusugulia sakafu, ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Simu yake inakaa kwenye mfuko wa aproni ya mama mkwe, anapewa Jumapili. Analala jikoni kwenye benchi. Nezahat alinieleza jambo hilo bila hata kushusha macho: Gülizar anaamka alfajiri, na Tufan anafanya kazi, anahitaji usingizi wake.

Nikauliza mbona mikono ya binti yangu iko mitupu. Akasema bangili ziko kwenye sanduku la benki, Istanbul hii wezi wamezidi. Nikamwambia ahsante. Ndiyo, nilimshukuru.

Jikoni nilimwambia Gülizar akusanye nguo zake tuondoke. Akanishika mkono. "Mama, ukigombana nao wewe utaondoka, mimi nitabaki nao. Wananiambia nikitoka, natoka mtupu kama wa bafuni, bila hata bangili moja. Nyamaza tu." Nikanyamaza. Lakini moyoni nilikuwa nimeshamuapia yule mwanamke, na nilichokuwa sijui ni njia tu.

Kesho yake Nezahat alikuwa na matembezi. Amewaalika Bi Mualla na Bi Perihan kwenda kuliona Kasri la Dolmabahçe, na kwa kuwa mimi nilikuwepo, hakuweza kuniacha. Sababu ya matembezi ilijulikana nyumba nzima. Bi Mualla ana binti, Ece, mwalimu, na Nezahat alimtaka Ece kwa mtoto wake mdogo, Oktay. Posa ilikuwa imekaribia. Alitaka Bi Mualla amwone jinsi anavyotembea penye vitu vya kifalme, maana yeye husema bibi wa bibi yake alikuwa mshonaji wa mama wa sultani. Njiani alinionya mimi mtu wa shamba nisivue viatu nikifika kwenye zulia, na nisiseme mashallah kwa kila kijiko.

Baada ya mnara wa saa unafika kwenye mlango wa ukaguzi. Bi Mualla akapita, Bi Perihan akapita, nikapita mimi, Gülizar akapita. Nezahat akapita wa mwisho, mashine ikalia. Mlinzi, dada mmoja mwenye mkia wa nywele, akamwambia avue koti. Nezahat akasema haina haja. Dada akasema mashine haibagui, mama, vua. Akavua.

Mkononi mwake mlikuwa na bangili tano. Niliiona ya mama yangu kwanza, na kile kibonyeo.

Alijaribu kusema dhahabu huwa hailii. Mlinzi akamwambia azivue zote aziweke kwenye trei, apite tena. Akazivua. Trei ikaingia kwenye mashine, na mashine ikaitoa upande wangu.

Nikazichukua. Sikukimbia, sikupaza sauti. Nikamwambia Gülizar alete mkono, akauleta kama mtoto anayevalishwa sweta, nikamvisha moja moja. Mkono umekonda, zikateleza mpaka karibu na kiwiko.

Mlinzi akaniambia zile ni za yule bibi.

"Muulize mwenyewe, mwanangu," nikasema. "Hapahapa, mbele ya wageni wake. Muulize ni za nani."

Nezahat alikuwa bado upande wa pili wa mashine, koti mkononi, watu wamejaa nyuma yake kwenye foleni. Macho yake yalikuwa kwa Bi Mualla, si kwa mlinzi. Nikaona anavyopiga hesabu. Akisema ni zake, wale wawili walikuwepo harusini. Bi Perihan, ambaye neno halikai kinywani mwake, akamrahisishia: "Ile ya kamba si ndiyo ya bibi yake Gülizar? Mtangazaji aliitaja."

Nezahat akacheka kidogo. "Ni za mkwe wangu hizo. Nilikuwa namtunzia."

"Mkononi?" akauliza Bi Mualla.

Mlinzi akatupungia mkono tupishe foleni, na mimi nikasikia ladha ya lile neno moja mpaka kwenye meno.

Ndani kuna benchi ambapo watu huvaa mifuko ya plastiki juu ya viatu, ili wasiharibu sakafu. Nezahat akakaa, akamnyooshea Gülizar mguu. Kwa mazoea tu, wala hakufikiri. Na Gülizar akaanza kuinama, kwa mazoea vilevile. Hapo ndipo nilipojua wamemfanya nini mwanangu. Nikamshika kwapa, nikamsimamisha. Nikamwambia mama mkwe wake ana mikono miwili, na leo ni miepesi kuliko jana. Bi Perihan akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Nezahat akainama mwenyewe na sketi yake ya kubana, akauchana mfuko mmoja, na kasri lote alilitembea mguu mmoja ukilia chwa, chwa, chwa.

Mtu akiniuliza kuna nini Dolmabahçe nitamwambia kuna taa kubwa kama mzeituni uliopinduliwa. Mengine sikuyaona. Nilikuwa namwangalia yeye. Alitembea bila kusema neno juu ya yule bibi wa bibi yake mshonaji, na mbele yetu mkono wa binti yangu ukawa unalia kila akigusa shela yake. Nilifurahi kama sijawahi kufurahi tangu baba yake Gülizar afariki.

Kwenye zile ngazi zenye nguzo za vioo, Nezahat akanipata peke yangu. Akanikamata kiwiko huku anatabasamu, mtu wa mbali angesema wakwe wanapendana.

"Cheka, mkwe. Cheka sana leo. Kesho unapanda basi lako. Huyo anarudi kwangu usiku huu, na mlango wangu una funguo. Nimeshamwandikia Tufan, atakuwa getini tukitoka. Hizo bangili utazikumbuka."

Furaha yangu yote ikashuka miguuni. Nilikuwa nimefanya kile kile alichonikataza Gülizar. Nimemchokoza nyoka halafu nimemwachia mwanangu chumba kimoja naye. Nikashika ukuta, mtumishi wa kasri akaniambia nisiguse.

Mama mwenzangu, nisikilize hapa, maana kwa hili ndiyo naandika. Ukianza, usiishie kati. Nusu ya kisasi anakuja kulipa mtoto.

Tulipoingia upande wa wanawake, zile nyumba za mama wa sultani na wake zake, nikamfuata Bi Mualla. Yeye ni mwanamke wa mjini, mkoba wa ngozi, mimi nimeishia darasa la tano, lakini ana binti na mimi nina binti. Nikamwambia yote kwa sauti ya chini, tukiwa tunatembea chumba hadi chumba nyuma ya watalii. Nikamweleza benchi la jikoni. Nikamweleza simu kwenye aproni na bomba lisilofungwa. Hakunikatiza. Nezahat alikuwa hatua chache nyuma yetu, chwa, chwa, akajua ninachosema, na hakuweza kukimbia kwa sababu ya ule mfuko.

Akafika. Akamwambia Bi Mualla kwamba mimi nina maradhi ya wivu, akina mama wa shamba wote ndivyo walivyo, hawajui kumkabidhi mtoto. Kwake Gülizar ni kama binti wa kumzaa. Muulize mwenyewe, akasema, na akamtazama Gülizar kwa yale macho anayomtazamia jikoni.

Bi Mualla akamuuliza kweli. "Binti yangu, Ece akija kwenye nyumba ile, atakuwa salama?"

Tulikuwa mbele ya chumba chenye kamba nyekundu, kitanda cha mtu aliyekufa zamani kimetandikwa vizuri. Nikaanza kusema nikajizuia, maana nilishasema vya kutosha na hakuna mtu anayeamini maneno ya mama. Gülizar alikuwa anazisukuma bangili juu, zinashuka, anazisukuma juu. Miezi yote ile alikuwa amejibu "tuko wazima." Nikafikiri, atasema tena. Atasema tena, na usiku ule mlango utafungwa na mimi nitakuwa nje.

"Mwambie aje na soksi nzito," akasema Gülizar. "Jikoni sakafu ina baridi. Na kama ana dhahabu, aiache kwako, mama mkwe anazipenda sana za kusokotwa."

Alisema polepole, bila chuki, kama anampa mtu maelekezo ya njia. Bi Mualla akafunga vifungo vya koti lake vyote mpaka shingoni. Akasema mambo ya Ece na Oktay tusiyazungumze tena. Akamshika Bi Perihan mkono wakatoka, na nilijua kufikia saa ya chai wanawake wa mtaa wao wote watakuwa na habari, kwa sababu Bi Perihan alikuwa ameshatoa simu.

Nezahat akakaa kwenye ukingo wa dirisha, mahali pasipokaliwa. Akaniambia nimeivunja nyumba ya mtoto wake mdogo asiye na kosa.

Nikamwambia: "Mkwe, mimi nimetumia nusu saa. Wewe ulikuwa na miezi minane."

Getini Tufan alikuwepo, amesimama kando ya gari, milango iko wazi. Mama yake akamkimbilia akilia. Mimi nilimshika Gülizar mkono, na nitakwambia kweli, niliogopa, maana yeye ni mume, na mwanangu alimpenda. Kama angesema maneno mawili mazuri, sijui. Kama angemuuliza umekula. Nilimwona Gülizar anamwangalia, anangoja.

Tufan akamsikiliza mama yake, kisha akatujia. Akamwambia Gülizar, ukitaka kwenda na mama yako nenda, lakini dhahabu iache hapa.

Gülizar akaishusha mikono ya gauni lake mpaka kwenye vidole, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kituo. Tufan akataka kumfuata, lakini pale nje kuna askari wa kasri na watalii wengi, na mama yake anamwita aje amshike, atazimia. Akarudi kwa mama yake. Mimi nilichelewa kidogo makusudi. Nilitaka nimwangalie Nezahat usoni mpaka nishibe.

Tukapata feri ya alasiri ya kwenda Bandırma, njia ya kurudi kwetu. Gülizar alikula mkate wa ufuta mzima, akaomba wa pili, halafu akalia mpaka tukafika.

Sasa yuko hapa, anaokota zeituni na mimi, mikono imepona. Talaka iko mahakamani. Oktay hajapata mchumba, kila anakopeleka posa habari imetangulia kufika. Watu wananiambia, Saniye, yametosha, yule ni mjane, samehe. Imamu wetu naye kaniambia. Nawajibu kwamba namsikiliza Gülizar usiku. Hadi leo kuna siku anaamka alfajiri kabla yangu na ninasikia bomba la maji, nikienda namkuta amesimama anaosha sahani ambazo ni safi. Siku ambayo bomba hilo litanyamaza, nitawaza habari ya kusamehe.

Na wewe uliyeozesha mbali, acha simu. Panda basi. Ukifika usikae sebuleni unywe chai, nenda jikoni, mshike binti yako vidole umtazame. Halafu mwambie mama mkwe wake avue koti.