Fundi wa Bendera

Nimezaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka 1980, nimeolewa Mpanda, nimezaa hapa watoto wanne, na kazi yangu ni kushona. Bendera za taifa zinazopepea kwenye ofisi za kata yetu zote zimepita kwenye cherehani yangu. Kwa hiyo nilipokwenda kuomba namba ya kitambulisho cha taifa, afisa alitaka kwanza kujua mimi ni mtu wa wapi.

Haraka ilikuwa ya binti yangu Lucia. Amechaguliwa chuo cha uuguzi, na fomu ilitaka namba ya mzazi kabla ya Ijumaa. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mzazi ni mimi tu. Nisipoipata namba, nafasi anapewa mwingine.

Afisa Obadia, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, alikitazama cheti changu cha uraia mbele na nyuma.

"Mama Lucia, hiki kinaonyesha ulipewa uraia. Hakionyeshi kama wewe ni mwenyeji. Babu yako kazikwa wapi?"

"Burundi."

"Unaona sasa?"

Niliona. Kumbe nchi ni ya marehemu, sisi tulio hai tunapita tu. Akaniambia nilete shahidi mwenyeji.

Nikamleta Kija, jirani yangu wa Misunkumilo, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka sita iliyopita. Obadia alimpa kiti.

"Mzee, unamfahamu huyu mama?"

"Vizuri sana. Nilipofika hapa mgeni, yeye ndo alinionyesha maji yalipo."

Ungedhani mambo yamekwisha. Obadia aliandika jina la Kija kwenye safu ya wenyeji. Mbele ya langu akaandika kwamba ninachunguzwa. Nilirudi nyumbani nikalia, na sioni aibu kusema.

Alhamisi upepo ukaichana bendera ya ofisi yao katikati, na Mwenge wa Uhuru ulikuwa unapita kesho yake. Saa nne asubuhi Obadia alikuwa kibarazani kwangu, bendera iko kwapani.

"Mama yangu, tuokoe."

"Mimi tena? Uchunguzi umeisha?"

Akakohoa.

"Naogopa, baba. Mgeni nikishika bendera ya wenyewe, si mtanifunga?"

Saa saba namba ilipatikana, imeandikwa kwenye kikaratasi. Babu yangu alikuwa bado kaburini kulekule Burundi. Lucia akaijaza kwenye fomu, akakimbia kuipeleka.

Ningeweza kuishona ile bendera ovyo. Nilikaa na hasira zangu mbele ya cherehani, mikono ikakataa. Naipenda bendera ile, na siku hiyo nilichukia kwamba naipenda. Mistari ya njano, ambayo ndiyo inayosumbua, niliipitisha uzi mara mbili.

Ijumaa ikapandishwa. Mgeni rasmi akaisifu, akauliza nani kaishona. Mimi na Lucia tulikuwa hatua chache nyuma yao, nikakiweka sawa kilemba changu.

"Kuna mama mmoja hapa," Obadia akajibu kwa furaha. "Mrundi, lakini fundi kwelikweli."

Wimbo wa taifa ukaanza. Watu wote walinyoosha mikono pembeni, wakasimama wima. Mimi mkono mmoja niliuweka kifuani, nilikokificha kile kikaratasi chenye namba, nikaimba huku nakipapasa kama bado kipo.