Goti Mbele ya Mkaguzi

Wiki nzima nilimfokea mama mkwe wangu, Thomasin, asipige goti kwenye lile jiwe la sakafu karibu na beseni la ubatizo. Chini yake tulikuwa tumemzika Mtakatifu Katerina, sanamu yetu ya mti, ambaye mfalme aliamuru achomwe pamoja na sanamu zote. Mume wangu Hamo, mzee wa kanisa, alikwisha kula kiapo kwamba amemchoma. Ikigundulika ni gereza, na wanaotoka huko wakiwa hai ni wachache.

Tatizo lilikuwa mazoea. Parokiani kwetu hakuna mwanamke anayempita Katerina bila kupiga goti, na sote tulijua alipo.

"Mama, ukipiga goti umemuua mwanao."

"Nikishuka, nani ataniinua? Wewe, na mikono hiyo ya uvivu?"

Mkaguzi wa mfalme alifika Jumanne asubuhi na askari wawili. Kuta zilinuka chokaa mbichi tuliyofunikia picha za watakatifu. Jasho lilimtoka Hamo, na kanisa letu lina baridi hata kiangazi. Mama mkwe alilipita jiwe kichwa juu. Nikapumua.

"Wewe, mke wa mzee wa kanisa," mkaguzi akasema. "Niletee kitabu cha sala."

Nikaenda. Moyoni nilikuwa namwomba Katerina atufiche. Nilipofika kwenye jiwe, goti langu likashuka lenyewe.

Nilijua kabla halijagusa sakafu. Mkaguzi akaja polepole, akaligonga jiwe kwa kisigino. Chini palikuwa na uwazi.

"Nani kazika kitu hapa?"

Hamo alifungua mdomo, mama yake akamuwahi.

"Mimi, bwana. Huyu mwanangu nilimdanganya kwamba nimeitia sanamu motoni, ndipo akaapa. Tangu utoto anaamini kila anachoambiwa."

"Jiwe zito hili, bibi, peke yako?"

"Nimezaa watoto tisa. Jiwe ni nini?"

Mkaguzi hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, ulijua?"

Mama mkwe alinikazia macho, jicho la kuniambia ninyamaze. Hofu ilikuwa imenijaa mpaka kwenye meno.

"Sikujua, bwana," nikasema. "Nilijikwaa tu."

Askari wakamfunga mama mkwe mikono palepale. Alikuwa mzito wa kutembea, wakamsukuma. Hamo alilia waziwazi. Mimi nilibaki nimekumbatia kitabu cha sala, nikawapisha mlangoni.