Kuna Mtu Juu ya Mnara

Usiku wa jana niliota, na kabla sijaona kitu kingine chochote niliona ufunguo umelala kwenye nyasi.

Niliujua. Ulikuwa wa kaka yangu Lutengano, fundi wa mnara wa redio mlimani kwetu. Fundi anayepanda huzima mtambo, hufunga swichi kuu kwa kufuli, halafu hupanda na ufunguo mfukoni, ili mtu asije akawasha umeme yeye akiwa juu. Sasa ufunguo uko chini.

Nikatazama juu. Kaka alikuwa mdogo kama nzi.

Nikauokota. Nilipoinua kichwa, mlima haukuwepo. Nimesimama katika darasa la tano, darasa nililoishia, na kwenye madawati wamebanana wahandisi wa utangazaji na suti zao. Ni mkutano wa chama chao. Mwenyekiti ni kipaza sauti kilichovaa tai.

"Karibu, binti. Wewe ndiye msemaji?"

Natikisa kichwa kukataa.

"Kanuni yetu inasema anayepanda mnara amwache chini mtu wa kumsemea. Lutengano amekutaja wewe."

"Bora angemwacha mbuzi," inasema swichi kuu kutoka dawati la nyuma. "Mbuzi angalau hulia."

Wahandisi wanacheka, wote kwa sauti ya kiwango kimoja. Mita ya ukutani inawapima. Mmoja aliyezidisha kidogo anatolewa nje, naye anaomba radhi akienda.

"Chama hiki kipo ili fundi ashuke akiwa hai," anasema mwenyekiti. "Lakini hatuwezi kumlinda mtu ambaye hatujaambiwa yuko wapi. Haya, binti. Kuna mtu juu?"

Nafungua mdomo. Ulimi umekauka, kama zamani mwalimu aliponisimamisha na jibu nalijua.

"Sifuri," inasema mita.

"Andika," mwenyekiti anaiambia chaki.

Chaki inapanda ubaoni yenyewe na kuandika: HAKUNA MTU.

Hapo ufunguo unaanza kujizungusha kiganjani mwangu.

"Niachie, dada," unasema. "Kama hakuna mtu, mimi inabidi nikafungue kufuli."

Naubana mpaka meno yake yananiuma. Nakimbilia ubaoni, nafuta kwa ngumi ileile. Vumbi la chaki linanijaa mkononi. Maneno yanarudi, makubwa zaidi.

Nje ya dirisha mnara umeota katikati ya uwanja wa shule. Naona soli za viatu vya kaka zikipanda, na namsikia anapiga mluzi. Hajui.

"Tuse!" anaita. "Mbona kimya? Waambie nipo!"

Ufunguo unaniponyoka. Kufuli linalia *ka*. Swichi kuu inasimama, inajipangusa mapaja.

"Usinichukie," inaniambia. "Ni kazi tu."

Inajishusha, na umeme unawaka. Wahandisi wote wanavua kofia ambazo hawakuwa nazo.

Nikaamka nimeng'ata shuka.

Kulikuwa kumekucha. Kaka alikuwa amekaa mlangoni akifunga kamba za viatu, mkanda wake wa kupandia begani. Akatoa ufunguo mfukoni, akauangalia, akaugeuza.

"Tuse, ulichezea ufunguo wangu?"

Nikatikisa kichwa.

"Sasa hii chaki imetoka wapi?"

Akaupuliza. Vumbi jeupe likaruka kwenye jua. Nyumbani kwetu hakuna chaki; hakuna anayesoma. Nikafungua kiganja changu. Meno ya ufunguo yalikuwa yamechorwa hapo, mekundu.

"Haya, mdogo wangu, acha niwahi. Antena haitajirekebisha." Akainuka.

"Kaka."

Akageuka haraka. Hajazoea kunisikia nikianza mimi.

"Kila ukipanda naogopa mpaka ushuke," nikasema, na sauti ilitoka kubwa hadi mimi mwenyewe nikashtuka. "Huko juu kuna mtu. Ni kaka yangu, na sina mwingine."